Anwani 600 na barua zisizoleta oda: jibu kwa mkulima wa viungo wa Muheza

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mimi na mume wangu tuna shamba la ekari sita Muheza, upande wa njia ya kupandia Amani. Tunalima machungwa, na sehemu yenye kivuli tuna pilipili manga, iliki na mdalasini, ambavyo tunavikausha na kuvifunga wenyewe. Machungwa mengi huchukuliwa na wafanyabiashara yakiwa bado mtini, kwa hiyo tumeweka nguvu kwenye viungo, na tunajaribu kuziuzia moja kwa moja hoteli za Tanga na Pangani pamoja na familia za Dar es Salaam. Nimekusanya anwani za barua pepe zipatazo 600: nyingine ni za wateja, nyingine nilizipata kwenye maonesho ya Sabasaba, na nyingine nimezitoa kwenye kadi za biashara na tovuti za hoteli. Kila mwanzo wa mwezi ninatuma tangazo kutoka Gmail yangu, picha moja kubwa yenye bidhaa zote, nikiwa nimeficha anwani za wapokeaji. Majibu huwa mawili au matatu, na siku hizi hata wateja wangu wa zamani wananiambia kwamba barua wanaikuta kwenye barua taka. Kuna kijana anataka kuniuzia anwani 5,000 za watu wa Dar es Salaam. Je, nizinunue? Na nifanye nini ili barua hizi zilete oda?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Nianze na lile linalohitaji uamuzi wa haraka: usinunue anwani hizo 5,000, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Shida ya barua zako haikutokana na uchache wa wapokeaji. Imetokana na mambo matatu yanayokwenda pamoja: unawaandikia watu wengi ambao hawakukuomba uwaandikie, unawaandikia kutoka anwani ambayo haiwezi kuthibitisha kwamba ni ya biashara yako, na unachokiandika hakimwambii mnunuzi ni kitu gani anaweza kuagiza leo, kwa kiasi gani, na kitamfikiaje. Ukiongeza watu 5,000 juu ya hali hiyo, utakuwa umeikuza shida ile ile.

Tazama hesabu ilivyo. Google, ambayo bila shaka ndiyo inayopokea barua za wateja wako wengi wa majumbani, inawataka watumaji wahakikishe kwamba kiwango cha wapokeaji wanaoripoti barua zao kuwa ni taka hakifiki asilimia 0.3, na inashauri kibaki chini ya asilimia 0.1. Katika barua 600, asilimia 0.3 haifiki hata watu wawili. Maana yake ni kwamba watu wawili tu wakikereka siku moja, umekwisha kuvuka mpaka, na barua itakayofuata huenda ikatupwa kwenye barua taka hata kwa yule mama wa Kinondoni aliyekwisha kununua iliki kwako mara kadhaa na ambaye angefurahi kununua tena. Sasa fikiria watu 5,000 wasiolijua kabisa jina la shamba lako. Zaidi ya hayo, orodha zinazouzwa mikononi hujaa anwani zilizokufa, na miongoni mwake huwamo anwani ambazo mashirika ya kupambana na barua taka, kama Spamhaus, huziweka makusudi kuwa mitego: hazina mwenyewe anayeweza kuwa aliomba kuandikiwa, kwa hiyo anayeziandikia hutambulika mara moja kwamba ameokota anwani asikojua.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumpelekea mlaji matangazo ya biashara asiyoyaomba, na inataka mpokeaji awe ameridhia, mtumaji ajitambulishe na kueleza kusudi lake mwanzoni mwa ujumbe, na iwepo njia ya kukataa kuendelea kupokea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeongeza uzito wa jambo hili kwa kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kumpa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Anwani ya barua pepe ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kijana huyo hana ridhaa ya watu hao ya kukupa wewe anwani zao, na kile asichokuwa nacho hawezi kukuuzia.

Zimebaki 600 zako, nazo si za aina moja. Chukua daftari, au jedwali kwenye kompyuta, uzigawe kwa swali moja tu: mtu huyu nilimpataje? Kundi la kwanza ni la waliowahi kununua kwako, hata kama ni mara moja. Hawa wanakujua, wanaijua harufu ya iliki yako, na kwao barua yako ni taarifa kutoka kwa mtu wanayemfahamu. Andika mbele ya kila jina alinunua nini na lini, kwa kuwa utaihitaji taarifa hiyo baadaye. Kundi la pili ni la walioandika anwani zao wenyewe kwenye banda lako la Sabasaba. Hapo uwe mwangalifu, kwa maana mtu aliyejiandikisha kwenye daftari la wageni baada ya kuonja chai ya mdalasini hajasema kwamba anataka barua kila mwezi kwa miaka mitatu. Mwandikie barua fupi ya kumkumbusha mlipokutana, umweleze kwamba utakuwa unaandika viungo vinapokuwa tayari, na umwombe ajibu kwa neno moja, ndiyo, ikiwa angependa kuendelea kupata taarifa. Asipojibu, mwandikie mara ya pili baada ya wiki mbili. Akinyamaza tena, mfute. Najua inauma kufuta jina ulilolipatia jasho la siku nzima bandani, lakini jina lisilojibu linakugharimu, kwa sababu kampuni zinazopokea barua hutazama ni wangapi wanafungua, wanajibu au wanapuuza, na hutumia mwenendo huo kuamua barua yako ijayo iwekwe wapi.

Kundi la tatu, la kadi na tovuti za hoteli, liondoe kwenye orodha ya kutumiwa kwa pamoja. Silikatai, ninasema tu kwamba halistahili tangazo la jumla. Hoteli moja ya Pangani inayonunua kilo mbili za pilipili manga kila mwezi ina thamani kubwa kuliko majina mia yaliyolala, nayo inastahili barua yake peke yake, yenye jina la hoteli, iliyoelekezwa kwa ofisa manunuzi au mpishi mkuu, ikieleza kwamba umeona wanahudumia chakula cha pwani na ungependa kuwapelekea sampuli. Andika barua tano za namna hiyo kwa wiki. Atakayejibu na kukubali kupokea bei zako za kila mwezi ndiye utakayemwingiza kwenye orodha.

Kabla ya kuanza kutuma, pitia anwani zote zilizoandikwa kwa mkono. Kwenye maonesho watu huandika wakiwa wamesimama, kalamu imekwisha wino, na herufi moja ikikosewa barua hurudi. Barua iliyorudi kwa sababu anwani haipo ifutwe siku hiyo hiyo. Iliyorudi kwa sababu sanduku la mwenyewe limejaa inaweza kujaribiwa tena. Maonesho yajayo, mpe mgeni simu yako aandike anwani yake mwenyewe kwenye fomu fupi, kisha apelekewe barua ya kuthibitisha anayotakiwa kuibonyeza. Asiyethibitisha hahesabiwi. Usishangae baada ya usafi huu ukibaki na watu 150. Ndio uliokuwa nao tangu mwanzo.

Sasa kuhusu anwani unayoitumia. Gmail ya bure hairuhusu kuwaandikia zaidi ya wapokeaji 500 kwa siku, kwa hiyo tangazo la watu 600 lilikuwa linagonga mwamba kabla hujafikiria kama picha inapendeza au la. Pia haikupi njia ya kumwezesha msomaji kujiondoa, na haikuonyeshi barua zipi zimefika. Unahitaji mambo mawili: kikoa cha biashara yako, yaani jina la mtandaoni linalokaa baada ya alama ya @ kwenye anwani, na huduma iliyotengenezwa kwa ajili ya kutuma barua kwa orodha. Kwa kikoa, ninashauri kinachoishia na .co.tz, ambacho husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa kusajili vikoa vya Tanzania. Chagua jina fupi la shamba ambalo mtu anaweza kulitamka kwenye simu bila kulitaja herufi kwa herufi. Kwa huduma ya kutumia, zipo nyingi, kama vile Mailchimp, Brevo na MailerLite, na karibu zote zina ngazi ya bure inayotosha orodha ndogo. Soma masharti yao ya sasa kabla ya kuchagua, kwa sababu huyabadilisha mara kwa mara.

Ukishapata hivyo viwili, viunganishe vizuri, maana hapa ndipo wakulima wengi hukwama. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinadai kwamba barua ithibitishe ilikotoka. Kwa wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku masharti ni makali zaidi, lakini ushauri wangu ni uyatimize yote hata kama unatuma 150. Mambo yenyewe ni matatu. SPF ni orodha ya kompyuta zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako. DKIM ni sahihi ya kidijiti inayoambatana na kila barua, ili mpokeaji ajue kwamba haikubadilishwa njiani. DMARC ni maagizo unayoyaweka hadharani, yanayodai kwamba kikoa kilichomo kwenye anwani ya mtumaji anayoiona msomaji kilingane na kile kilichothibitishwa, na kueleza nini kifanyike barua isipolingana. Yote matatu ni mistari ya maandishi ambayo huduma yako ya barua itakupa, nawe utaibandika kwenye mipangilio ya kikoa au utamwomba wakala aliyekusajilia aibandike. Ni kazi ya nusu saa kwa anayeijua. Baadaye jitumie barua ya majaribio kwenye Gmail, uifungue katika umbo lake la asili kupitia menyu ya barua, na uhakikishe kwamba mbele ya SPF, DKIM na DMARC yote matatu yameandikwa PASS. Ukilikuta neno lingine, usitume kwa mteja hata mmoja mpaka limerekebishwa. Na usije ukaiweka ile anwani yako ya Gmail kama mtumaji ndani ya huduma hizo, kwa kuwa barua itasema imetoka Gmail wakati haikutoka huko, nayo itashindwa kipimo cha DMARC.

Kikoa kipya hakijulikani na mtu, kwa hiyo anza taratibu. Wiki ya kwanza waandikie wateja 30 walio karibu nawe zaidi, wale unaoamini watajibu, wiki ya pili 60, kisha wote.

Nimeeleza mambo ya mitambo kwa urefu kwa sababu yasipokaa sawa, hayo mengine hayaonekani. Lakini barua inayofika kikashani na isiyo na la maana haiuzi, na hapa ndipo ninapotaka uweke akili yako yote. Wewe unaandika kila mwanzo wa mwezi kwa sababu mwezi umeanza. Shamba halifuati utaratibu huo, na jiko la mteja wako halifuati pia. Barua yako iandikwe pale kitu kinapotokea shambani ambacho mnunuzi anaweza kukitumia: pilipili imekauka, iliki imebaki kidogo, machungwa yanakaribia. Na ikiwezekana imfikie mnunuzi kabla ya mavuno, ili oda ikuongoze wewe katika kuamua uvune nini, ukaushe kiasi gani na ukifungeje.

Chukua mfano wa machungwa, ambayo umeyataja kana kwamba umekwisha kuyakatia tamaa. Katikati ya mwaka, machungwa yanapojaa Muheza, kila mtu anayo, matenga yanapangwa kando ya barabara, wanunuzi wa Dar es Salaam na wale wanaovuka Horohoro kwenda Kenya wanachagua wanapotaka, na bei inaanguka. Mkulima anayeuza mtini anauza kwa sababu hana mnunuzi mwingine aliyemhakikishia. Hoteli na migahawa ya Tanga inakamua juisi kila asubuhi. Mwezi mmoja au miwili kabla ya msimu, waandikie wale walioridhia kupokea barua zako, uwaulize jambo moja: katika msimu ujao, mtahitaji matenga mangapi kwa wiki, na mngependa yaletwe siku gani? Wakijibu watatu tu, unajua ni miti mingapi ya kuizuia mfanyabiashara anapokuja kukadiria shamba. Mingine muuzie. Wafanyabiashara wa jumla wenyewe usiwaweke kwenye orodha ya barua pepe. Biashara yao huamuliwa kwa simu na kwa kuona mzigo, na barua kwao ni usumbufu.

Viungo vina faida kwamba vikikaushwa vizuri vinakaa, hivyo vinakupa la kuandika katika miezi ambayo machungwa hayapo. Wakati mkubwa wa viungo kwa familia za pwani ni Ramadhani. Uji wa pilipili manga, chai ya iliki na mdalasini, pilau ya Idi: kila nyumba inanunua, na inanunua ndani ya wiki chache zinazojulikana. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa kalenda hii tunayoitumia ofisini, kila mwaka mfungo huanza mapema kuliko mwaka uliopita. Mwaka 2024 ulianza katika wiki ya pili ya Machi, na mwaka 2025 mwanzoni mwa mwezi huo huo. Anayenakili ratiba ya barua ya mwaka jana atakuta wenzake wamekwisha kuuza. Barua ya kwanza iende wiki tatu kabla ya mwezi kuandama, ya pili wiki moja kabla, na kwa familia, barua hizo mbili zinatosha.

Barua kwa familia inaweza kuwa hivi. Bei nilizoziandika ni za mfano tu:

«Habari za nyumbani. Wiki hii tumemaliza kukausha pilipili manga, na iliki ya mwezi uliopita bado ipo. Wengi mlituuliza kuhusu viungo vya uji na chai ya futari, kwa hiyo tumefunga pakiti mapema. Pilipili manga nzima, gramu 100, ni shilingi 3,500. Iliki nzima, gramu 50, ni shilingi 6,000. Mdalasini wa magome, gramu 100, ni shilingi 3,000. Mzigo wa Dar es Salaam utapanda basi Ijumaa asubuhi na utapokelewa stendi ya Mbezi jioni. Ukihitaji, jibu barua hii kabla ya Jumatano jioni ukitaja aina na idadi ya pakiti, nasi tutakuletea jumla ya bei pamoja na gharama ya kusafirisha.»

Chini yake liwepo jina la shamba, mahali lilipo, namba ya simu, na linki ya kujiondoa inayofanya kazi kwa kubonyeza mara moja. Barua ina bidhaa tatu, siku moja ya mzigo na jambo moja la kufanya. Anayeisoma akiwa kwenye daladala anaweza kuagiza kabla hajashuka. Bei imeandikwa wazi. Ninasisitiza hili kwa sababu tuna mazoea ya kuandika kwamba mteja awasiliane nasi kwa bei, na mteja mwenye shughuli zake husoma hapo kwamba ataanza mazungumzo marefu, kisha anaifunga.

Barua ya hoteli ni nyingine kabisa, na usijaribu kuziandika zote mbili kwa wakati mmoja. Ofisa manunuzi anataka kujua una kilo ngapi ghalani, mfuko ni wa uzito gani, pilipili imekaushwa juu ya turubai au mkeka safi na ina unyevu wa kiasi gani, bei inadumu hadi tarehe ipi, siku ya kufikisha mzigo, na kama unaweza kutoa ankara yenye TIN, yaani namba ya mlipakodi. Mwandikie kwa lugha anayoitumia ofisini. Kama hoteli inaendeshwa kwa Kiingereza, barua nzima iwe kwa Kiingereza, isiwe nusu kwa nusu. Mpishi mkuu, kwa upande wake, anapenda kitu anachoweza kumsimulia mgeni mezani. Shamba lako liko chini ya milima ya Usambara Mashariki, jirani na Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, na ambako misitu ni maarufu kwa mimea isiyopatikana kwingine. Mpe sentensi mbili za kweli kuhusu mahali mdalasini wake ulipotoka, zilizo fupi kiasi cha kuingia kwenye menyu. Hoteli za ufukweni Pangani zina wageni wanaouliza mambo hayo.

Kichwa cha barua kiseme kilichomo. «Pilipili manga mpya iko tayari, mzigo Ijumaa» kinatosha. Simu nyingi huonyesha herufi kama 35 hivi za mwanzo, hivyo neno la muhimu litangulie. Herufi kubwa tupu, alama za mshangao tatu tatu, na ahadi za ofa kabambe humfanya msomaji akuhesabu pamoja na wanaomsumbua. Jina la mtumaji liwe la shamba na mji, na liwe lile lile siku zote.

Ile picha moja kubwa iache. Mtambo unaochuja barua taka huenda usisome bei zilizochorwa ndani ya picha, msomaji aliyezima picha ili kuokoa bando anaona ukurasa mweupe, na mwenye macho hafifu hawezi kusomewa na simu yake. Andika maneno kama maneno, kisha weka picha moja au mbili ndogo, kila moja chini ya kilobaiti 150, zikiwa na maelezo mafupi yanayoonekana picha isipofunguka. Picha ya iliki yako ikiwa juani, iliyopigwa shambani kwako, ina nguvu kuliko picha nzuri ya kuokota mtandaoni.

Kuhusu siku ya kutuma sitakuchosha. Ziulize hoteli zinapanga oda siku gani, uandike asubuhi ya siku inayotangulia. Familia ziandikie karibu na mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka.

Lakini kuna jambo la malipo ambalo sipendi ulipite haraka. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ule ujumbe wa kitapeli unaosema pesa ile tuma kwenye namba hii. Barua pepe inayotaja namba ya kulipia inasomwa kwa mashaka hayo hayo, na mashaka hayo ni ya haki. Kwa hiyo tumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili jina linalojitokeza mteja anapolipa liwe ndilo lililo kwenye barua. Waambie wateja wako mapema, na uandike chini ya kila ankara, kwamba hutabadilisha kamwe namba ya malipo kwa barua pepe peke yake bila kuwapigia simu. Kisha linda sanduku lako kwa uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu wapo wahalifu wanaoingia kwenye barua za biashara ndogo, wakasoma ankara zinazokwenda hotelini, na kutuma nyingine inayofanana yenye akaunti yao. Mteja aliyeibiwa kwa jina lako si rahisi kurudi, hata kama huna kosa.

Mtu akijibu barua, ajibiwe siku hiyo hiyo. Anwani unayotumia iwe inapokea majibu na mtu aifungue asubuhi na jioni. Kwa biashara ya ukubwa wako, hilo ni la lazima kuliko pambo lolote la barua.

Katika kupima maendeleo, usitegemee idadi ya waliofungua. Kufungua huhesabiwa pale picha za barua zinapopakuliwa, na tangu Septemba 2021, simu za Apple zenye programu yake ya barua hupakua picha za barua zenyewe kwa ajili ya kulinda faragha ya mtumiaji, na hivyo huhesabiwa kuwa zimefungua hata mwenyewe akiwa amelala. Pia usipoteze muda kulinganisha vichwa viwili vya barua kwa kuigawa orodha yako mara mbili. Ukiwapelekea watu 75 kichwa hiki na 75 kile, wakajibu saba huku na kumi kule, tofauti hiyo inaweza kuwa ni bahati tu, na huna haki ya kuijengea uamuzi. Fungua ukurasa kwenye daftari lako, na kwa kila barua andika mambo manne: waliojibu, walioagiza, thamani ya oda kwa shilingi, na waliojiondoa. Barua sita zikishapita utaona ni bidhaa gani inayovuta oda na ni kundi lipi limenyamaza. Asiyejibu wala kuagiza kwa mwaka mzima muulize mara moja kama bado anataka barua, akinyamaza, mwondoe.

Mwisho, hukuniuliza kuhusu WhatsApp, lakini najua utaiuliza, kwa sababu wateja wako wa majumbani wanaishi humo. Usiwalazimishe kuhamia kwenye barua pepe. Mteja akisema anapenda kuagiza kwa WhatsApp, liandike hilo mbele ya jina lake na umtumie taarifa huko, kwa ridhaa ile ile na kwa uchache ule ule. Barua pepe iweke kwa ajili ya wanaohitaji karatasi: hoteli, migahawa, ofisi, na Watanzania walioko nje wanaonunua kwa ajili ya wazazi wao hapa nyumbani. Hata pale mpishi anapokuagiza kwa ujumbe wa simu saa mbili usiku, thibitisha oda hiyo kwa barua pepe asubuhi yake, ukitaja kilo, bei na siku ya kufikisha, na nakala imwendee mhasibu wa hoteli, kwa kuwa yeye ndiye atakayelipa na ujumbe wa simu ya mpishi hautamfikia.